Mnara Sijauona

Jumatatu, 2 Machi

Tonge amenitapikia maziwa begani sasa hivi, akaniangalia usoni kama anasubiri nimsifu, halafu akacheka. Ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nimejifuta, nimembusu kwenye kitambi chake, wala sijasikia kinyaa. Matapishi ya mtoto wako ni kama jasho lako mwenyewe. Ya watu wazima ndiyo yanayonishinda, na leo nimeyadeki mara mbili.

Nimeanza daftari hili kwa sababu ya kazi mpya. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa msafishaji tu hapa kiwanja cha helikopta: ofisi, choo, na tumbo la helikopta yenyewe ikirudi. Sasa mvua zimeanza, ukungu unashuka kila asubuhi, na mtu wa redio ameacha kazi. Meneja akasema hakuna haja ya kutafuta msomi, kazi yenyewe ni macho. Basi kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasimama kwenye kibaraza cha ofisi natazama vitu vitatu. Pipa jeupe mwisho wa uzio. Tangi la maji kule mteremkoni. Mnara wa simu kwenye pengo la vilima, ambako helikopta hupita kwenda kambini kwa wajenzi wa nguzo za umeme. Ninachokiona nakiandika kwenye daftari la ofisi. Mnara usipoonekana hakuna kuruka. Sheria hiyo imebandikwa ukutani kwa gundi, hata upepo wa feni hauitikisi.

Hili ni daftari langu mwenyewe. Niliishia darasa la saba, nataka mkono uzoee. Nikizoea, huenda wakanipa redio moja kwa moja, na Baba Tonge, ambaye ni fundi wa hiyo helikopta na ndiye aliyeniombea kazi, atatembea kifua mbele.

Ya leo: pipa naliona, tangi naliona, mnara nauona.

Lakini rubani mdogo aliruka akarudi na watu wake, eti kule mbele kumefunga ukungu. Amewazungusha bondeni mpaka wawili wametapika. Mpishi wa kambi alishuka wa kwanza, sufuria yake kubwa kaipakata kama mtoto.

"Mama Tonge," akaniambia, "huyu si rubani, huyu ni bibi harusi. Hatoki mpaka abembelezwe, na akitoka analia anataka kurudi kwao."

Nilicheka huku nimeshika ndoo. Jina limemganda. Hadi jioni hata Meneja alikuwa anamwita Bibi Harusi.

Jumanne, 3 Machi

Pipa naliona. Tangi naliona. Mnara hapana. Hakuna kuruka. Tonge anasema "gangi."

Alhamisi, 5 Machi

Mnara ulijitokeza saa tatu, nusu yake. Bibi Harusi alisema bado. Nahodha akasema nusu ya mnara si mnara huo huo? Akavaa miwani yake, akaenda, akarudi saa sita na watu wakavu, wanacheka.

Nahodha ni rubani mkubwa. Ana miaka ishirini na sita angani, ana sauti nzito, na akipita unasikia harufu ya sabuni nzuri. Mpishi anasema ukikaa nyuma ya Nahodha unaweza kusinzia. Bibi Harusi yeye anakula kucha. Anazitafuna akisubiri hali ya hewa, anaziacha mezani vipande vipande, na mimi ndiye ninayezifagia. Kucha za mtu mzima mwenye mshahara. Leo nimezikung'uta nje nikasonya.

Jumatatu, 9 Machi

Mnara nauona, lakini kwa shida, kama uzi.

Bibi Harusi alinifuata kwenye kibaraza kabla ya kuwasha injini. Akasema, "Dada, nataka nikuachie neno. Nikifika daraja la chuma, nisipoona paa la shule ng'ambo ya mto, nageuka. Uandike hivyo hivyo."

"Kwani mimi ni nani hata uniambie?"

"Wewe uko chini. Mtu aliye chini anatosha."

Nikamuuliza kwa nini asiamue hukohuko akifika, macho si anayo? Akatoa kidole mdomoni akasema, "Huku chini akili yangu iko huru. Huko juu nina watu mgongoni, nina Meneja sikioni, nina njia niliyokwisha kuila. Kila hatua inaonekana ni kidogo tu. Shuka kidogo tu, punguza mwendo kidogo tu, kile kilima ukipite kidogo tu. Hakuna hatua hata moja inayoonekana kubwa. Ndiyo maana naamua kabla, halafu namwachia mtu mwingine, nikijidanganya awepo wa kunisuta."

Niliandika. Niliona ni mambo ya mtoto anayeaga kila akienda chooni.

Hakuliona hilo paa. Aligeuka, na nyuma nako kukafunga, basi akatua kwenye uwanja wa mpira wa shule akakaa saa mbili na watu wake, mpaka ukungu ulipoinuka. Wanafunzi wamechezea milango, wameacha matope mpaka kwenye viti. Meneja alimfokea mbele yetu sote. "Helikopta si pikipiki ya kuegesha unapojisikia."

Bibi Harusi akajibu taratibu, "Ndiyo uzuri wake, bosi. Inaweza kukaa chini."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilikuwa na matope ya watoto hamsini ya kudeki. Sikucheka, nilimchukia.

Jumatatu, 16 Machi

Leo Meneja alikuja kusimama nyuma yangu kwenye kibaraza. Ananuka kahawa na meno ambayo hayajapigwa mswaki. Nilisema pipa naliona, tangi kwa mbali, mnara sioni.

"Ile nyekundu inayowaka ni nini?"

Nikatazama. Kweli, kwenye weupe ule kulikuwa na kitu kama punje ya pilipili, kinawaka, kinazima.

"Taa ya mnara."

"Taa ya mnara imetundikwa wapi? Kwenye mti?"

"Kwenye mnara."

"Basi umeuona mnara. Andika."

Nimeandika. Nahodha ameenda, amerudi salama, amenipungia mkono. Mchana Meneja ameniletea kiti kutoka ofisini kwake, kile chenye mgongo na mto, anasema mtu wa redio hawezi kukalia ndoo. Baba Tonge amekipaka mafuta kwenye magurudumu. Tonge amezungushwa juu yake mpaka amelewa. Nimefurahi, siwezi kuongopa.

Jumanne, 17 Machi

Pipa. Tangi sioni. Taa. Nimeandika mnara.

Jumatano, 18 Machi

Taa. Nimeandika mnara. Nahodha amekwenda na kurudi.

Ijumaa, 20 Machi

Taa, kwa kuhisi zaidi kuliko kuona. Nimeandika mnara. Abiria mmoja ametapika kwenye mfuko wa mwenzake wakagombana. Nahodha amesema walipita chini ya waya wa umeme, akasimulia kama kichekesho. Sikukipenda.

Nyumbani Tonge alinyoosha kidole ukutani akasema "gangi." Hakuna tangi pale. Nikamwambia hapana, mwanangu, hilo ni doa. Akasisitiza. Aibu ikanishika, sijui kwa nini.

Jumatatu, 23 Machi

Ilikuwa zamu ya Bibi Harusi. Alisoma daftari la ofisi, akatoka kibarazani, akatazama, akarudi kusoma tena.

"Dada, umeuona mnara, au umeona taa?"

Meneja alikuwa mlangoni na kikombe chake. Nilitazama sakafu niliyoideki mwenyewe.

"Taa," nikasema.

"Taa imetengenezwa ionekane penye kiza na ukungu. Kazi yake ni hiyo. Kilima hakina taa." Akavua vipokea sauti, akavitundika. "Siendi."

Meneja hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtu asiyeruka ana nafasi ya kupaka rangi mapipa. Akampigia simu Nahodha, aliyekuwa na mapumziko, naye akaja na miwani yake. Mchana kutwa Bibi Harusi alikuwa kule mwisho wa uzio na brashi, na Mpishi akipita anamwimbia nyimbo za harusi.

Nimefagia kucha zake. Zilikuwa na damu kidogo. Sikusonya. Kilichonichefua leo ni kile kiti, nilipokikalia mto ulitoa pumzi kama mtu anayecheka kwa pua.

Jumatano, 25 Machi

Taa. Nimeandika mnara. Baba Tonge namwambia hainikai vizuri. Anasema, "Mama Tonge, Nahodha alikuwa angani wewe hujazaliwa. Wewe andika unachoambiwa, mengine waachie wenyewe." Aliisema huku ananimenyea chungwa. Sikulila.

Jumatatu, 30 Machi

Naandika jioni hii.

Asubuhi sikuona tangi. Pipa nililiona kwa sababu lilikuwa na rangi mpya. Taa niliitafuta hata machozi yakanitoka, na nilipoipata sikuwa na hakika kama ni taa au ni jicho langu linachoka. Meneja akasema, "Eeh?" Nikaandika mnara.

Kambini winchi ya kuvutia nyaya ilikuwa imekwama, kwa hiyo Baba Tonge naye alipangwa kwenda. Alipanda na sanduku lake la spana. Mpishi alipanda na sufuria yake, ndani yake kaweka vitunguu. Alimpa Tonge kimoja achezee, akasema, "Nitunzie, mke mwenza, nakuja kukichukua."

Nilipomwona Baba Tonge anafunga mkanda, miguu ilinienda yenyewe mpaka dirishani kwa Nahodha.

"Nahodha, leo utageukia wapi?"

Alicheka. "Bibi Harusi kakuambukiza? Mimi sigeuki, mama. Mimi nafika."

"Niambie tu. Niandike."

Alinitazama, akaniona na mtoto mgongoni, nadhani akanihurumia. "Haya. Andika daraja la chuma. Nisipoona paa la shule nageuka. Umeridhika?"

Niliandika kwenye daftari la ofisi. Nilipiga mstari chini yake.

Saa moja na dakika kumi na mbili redio ikaita. "Niko darajani."

Mimi ndiye niliyekuwa mezani. Nikauliza, "Paa la shule unaliona?"

Kisha, "Nauona mto. Mto unanitosha, naufuata kidogo tu."

Kidogo tu. Nilishika kipaza sauti, kidole kikiwa juu ya kitufe, na maneno nilikuwa nayo mdomoni, yote, yamepangika: Nahodha, ulisema utageuka. Meneja akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa na unyevunyevu, kama nyama iliyotoka kuoshwa. "Mwache mtu mzima afanye kazi yake," akasema. "Usimchanganye."

Nikaachia kitufe.

Hilo ndilo ninaloliandika ili nisije nikajisahaulisha. Hakunifunga. Hakunipiga. Mkono ule ningeweza kuutoa kama ninavyoutoa wa Tonge kwenye jiko.

Dakika nane baadaye nikaita. Hakuna. Nikaita tena. Tonge alikuwa chini ya meza anaviringisha kitunguu. Bibi Harusi alikuwa nje na brashi, akasikia nikiita mara ya tano, akaingia na rangi mikononi. Alisoma mstari niliopigia chini, akachukua funguo za gari la mizigo na vibarua sita, wakaenda upande wa daraja. Meneja alikuwa anapiga simu, na cha kwanza nilichomsikia akisema ni, "Hali ya hewa imebadilika ghafla."

Walirudi saa tisa. Baba Tonge amevunjika mkono na mbavu mbili, yuko hai. Nahodha uso umepasuka, yuko hai. Vibarua wawili wa nguzo wana majeraha. Mpishi walimshusha mwisho, wamemfunika kwa turubai, na mtu fulani, sijui ni nani mwenye akili hiyo, alikuwa ameweka sufuria yake juu ya miguu yake ili isipotee.

Kitunguu Tonge amelala nacho. Nimejaribu kukichukua, amekataa.

Jumatano, 1 Aprili

Nimekaa na Baba Tonge hospitali. Anaongea kwa vipande, mbavu zinamkataza.

Anasema walifuata mto. Ukungu ukashuka, Nahodha akashuka. Ukashuka tena, akashuka tena. Akapunguza mwendo mpaka Mpishi akauliza kama wanasukumwa. Kulikuwa na shamba upande wa kulia, tambarare, la kutua hata mtoto angetua. Baba Tonge alimwonyesha. Nahodha akasema, "Mimi si Bibi Harusi." Kisha kukawa kweupe pande zote, kama umefunikwa shuka kichwani.

"Ulisikia mnaanguka?" nikamuuliza.

"Sikusikia kitu. Nilijisikia tumekaa sawa, sawa kabisa, kama kwenye benchi. Halafu nikaona mti dirishani. Umelala ubavu. Nikajiuliza nani kaukata mti huu na kuulaza." Akakilaza kiganja chake upande. "Mti ulikuwa umesimama, Mama Tonge. Sisi ndio tuliolala."

Kitanda cha Nahodha kiko chumba cha pili. Nilipopita kwenda bafuni nilimsikia akiwaambia wageni wake kwamba ukungu ulimvamia. Anavamiwa mtu aliyelala kwake. Yeye aliufuata, hatua kwa hatua, na nafasi ya kukaa chini alionyeshwa kwa kidole. Na bado ananukia ile sabuni. Imenipanda mpaka kooni, nikatapika kwenye sinki la hospitali, kisha nikalisafisha, maana nimezoea.

Jumatatu, 6 Aprili

Pipa naliona, tangi naliona, mnara hapana. Hakuna helikopta, hakuna anayeniuliza. Natazama tu.

Meneja ameniita ofisini kwake. Mezani kulikuwa na daftari jipya, jalada halijakunjika hata kona, na ndani yake mwezi mzima wa Machi umeandikwa upya. Kila siku Nahodha aliyoruka, mnara unaonekana vizuri. Tarehe thelathini, mnara unaonekana vizuri, ukungu ulikuja ghafla baada ya kuruka. Neno la kugeukia darajani halimo. Mwandiko wameuigiza wangu, hata ile "m" yangu yenye mguu mrefu.

"La zamani limelowa chai," akasema. "Weka sahihi kila ukurasa. Mkaguzi anakuja keshokutwa. Halafu tutaongelea ile kazi ya redio. Umeiva sasa, mama."

Hiyo kazi niliiota. Nilikuwa nimeshajiona na vipokea sauti, Tonge shuleni na viatu vyeusi. Ameitoa kama mtu anayetoa kipande cha nyama mdomoni mwake akupe.

Nimemwambia mtoto analia. Tonge hakuwa analia. Nimetoka bila kuweka sahihi.

Kile kiti nimekisukuma mpaka nje, kwenye mvua. Mto umefura maji.

Nyumbani nimemweleza Baba Tonge, amerudi jana. Akasema, "Tutaishije, sote wawili kazi ni pale pale?" Nikamwambia sijui. Akatazama mkono wake uliofungwa, muda mrefu. Akasema, "Nilikuambia uandike unachoambiwa." Hakunitaka tena nifanye hivyo. Alisema tu kwamba aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitemea mate.

Jumatano, 8 Aprili

Nimekaa kwenye benchi la kibarazani, nasubiri zamu yangu. Tonge ameegemea goti langu na kitunguu chake, kimeanza kuota jani la kijani. Mkaguzi yuko ndani, mwanamke mnene mpole, ana viatu vyenye matope, maana ametembea mwenyewe mpaka kwenye pengo la vilima. Meneja ameingia na daftari jipya kwapani, ametoka bila hilo, amenikonyeza. Mate yalinijaa mdomoni.

Kisha akaingia Bibi Harusi. Alipotoka alikaa kwenye benchi, akaanza kula kucha.

"Ameniuliza daftari la kwanza liko wapi," akasema. "Nimesema nililiona, nilisoma mstari wako. Lakini ni neno langu dhidi ya la bosi. Wewe ulilichoma lile?"

"Sijachoma kitu. Alisema limelowa chai."

"Basi limekwenda, dada."

Nikamwonyesha hili. Hakulifungua. Aliuliza, "Ndani yake kuna nini?"

"Kila siku. Taa, na niliyoandika badala yake. Na kitufe."

"Kitufe gani?"

Nikamwambia. Hakuwa anajua. Alitia kidole mdomoni, akakitoa. "Ukilitoa, hutamsuta Meneja peke yake."

"Najua."

"Hata ile redio huipati."

"Kaka, najua."

Akasogea, akampakata Tonge ili mikono yangu iwe huru niandike. Kucha zimetapakaa benchi zima na sioni kinyaa hata chembe. Jina lile sitamwita tena. Nilimcheka mtu kwa sababu alirudi, na wote aliorudi nao wako hai wananuna.

Nitaanzia ukurasa wa tarehe kumi na sita. Nitamsomea mkaguzi mwenyewe, kwa sauti, pale niliposema mnara sioni na pale mkono wangu ulipoandika mnara. Nitamsomea kile kiti, na kwamba nilifurahi. Tarehe thelathini nitajikaza. Tonge akikua akaniuliza kitunguu hiki kilikuwa cha nani, nataka niweze kumjibu nikimtazama.

Mkaguzi amefungua mlango. "Mama Tonge, ingia. Njoo na kitabu chako kama unacho." Nimemwomba dakika moja, sijaandika ya leo, na siku hata moja sitaki tena ipite bila kuandikwa kama ilivyo. Nimesimama ukingoni kabisa mwa kibaraza. Pipa naliona. Tangi naliona. Mnara, ule wenyewe, si taa yake, nauona.